Dakta Livingstone na Ghala la Mwili

Ghala la nyumbani

Mwanafunzi, bila shaka umewahi kuona ghala la chakula. Katika kijiji cha Rungwe Mpya, kwenye nyanda za juu za Kasulu, mkoani Kigoma, watu huvuna mahindi na maharage, huyakausha juani, kisha huyaweka akiba. Wakati wa mavuno chakula huwa kingi kuliko mahitaji ya siku. Mvua za kupandia zinapokuja, mazao mapya huwa bado hayajaiva, na familia huishi kwa ile akiba.

Mama mwenye busara hangoji mpaka ghala liwe tupu. Humtuma mtoto akachungulie. Mtoto akirudi na habari kwamba yamebaki magunia mawili tu, mama hupunguza kipimo cha kila siku, na wakubwa wa nyumba huanza kutafuta chakula mahali pengine.

Mwili wako nao una ghala. Una wajumbe wanaopeleka habari za ghala hilo, na una mtunzaji anayezipokea na kutoa amri. Katika somo hili utajifunza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Utajifunza kwa kufuata maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, ambaye alipata njaa kali safarini na kufika Ujiji, katika mkoa huohuo wa Kigoma, akiwa amebaki mifupa na ngozi. Mtu huyo ni Dakta David Livingstone.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, huko Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10, umri unaokaribia wako, alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Alifanya kazi tangu alfajiri hadi jioni, ndipo akaenda shule ya usiku. Baadaye alisoma dini na udaktari, na mwaka 1841 akafika kusini mwa Afrika akiwa mmisionari.

Kati ya mwaka 1854 na 1856 alivuka bara la Afrika kutoka Luanda, pwani ya magharibi, hadi Quelimane, pwani ya mashariki. Safari hiyo ilimfanya ajulikane sana huko Uingereza. Lakini kumbuka kwamba hakusafiri peke yake. Waafrika walimwongoza katika njia wanazozijua, walimbebea mizigo, walimpikia, na walimuuguza alipougua.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho. Alitoka Unguja, akashuka pwani ya kusini ya nchi ambayo leo ni Tanzania, akafuata Mto Ruvuma kwenda bara. Alitaka kupata chanzo cha Mto Nile. Alitaka pia kuueleza ulimwengu uovu wa biashara ya watumwa, ambayo iliviharibu vijiji vingi na kuyaacha mashamba bila wakulima. Miongoni mwa wenzake walikuwamo vijana wawili, Chuma na Susi. Utasikia habari zao tena mwishoni.

Majira ya njaa

Mwishoni mwa mwaka 1866 msafara ulikuwa katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mvua zilikuwa zikinyesha. Chakula cha mwaka uliopita kilikuwa kimepungua vijijini, na chakula kipya kilikuwa bado shambani. Livingstone alikuwa na nguo na shanga za kununulia, lakini mara nyingi hapakuwa na kitu cha kununua. Mbuzi wake wa maziwa walipotea. Yeye na wenzake waliishi kwa uji wa nafaka, tena kidogo, na kwa uyoga waliouokota porini.

Livingstone alikuwa na desturi ya kuandika habari za kila siku katika daftari. Katika siku hizo aliandika mambo ambayo sisi, wanaojifunza sayansi, tunaweza kuyatumia. Aliandika kwamba njaa haikumwacha hata kidogo, na kwamba wote walichoka upesi. Aliandika kwamba alikaza mkanda wake kwa matundu matatu zaidi ili kuituliza njaa. Aliandika pia kwamba, ingawa hakuwa mtu wa kuota ndoto, sasa aliota vyakula vitamu vya zamani, hata mate yakamtoka na kuulowesha mto wake usiku. Kuhusu uyoga alisema kwamba ulifaa tu kuleta ndoto za nyama.

Mwezi wa Januari 1867 likampata jambo baya zaidi. Wapagazi wawili walitoroka, na sanduku la dawa likaenda nao. Tangu hapo daktari huyo hakuwa na dawa ya kujitibu homa.

Hebu sasa tujiulize maswali matatu. Kwa nini uyoga haukumshibisha? Kwa nini mkanda ulilegea? Na kwa nini mtu mwenye njaa huota chakula?

Nishati na ghala la mafuta

Kila kazi ya mwili huhitaji nishati. Kutembea, kulima, kupumua, kufikiri, hata kulala, vyote hutumia nishati, nayo hutoka katika chakula. Wataalamu huipima kwa kipimo kiitwacho kilokalori. Gramu 1 ya wanga, kama ule ulio katika ugali, hutoa kilokalori 4. Gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9, yaani zaidi ya mara mbili.

Uyoga mbichi, kwa sehemu kubwa, ni maji. Gramu 100 za uyoga mbichi hutoa kilokalori zipatazo 30 tu. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi hutoa zaidi ya 300. Uyoga ni kitoweo kizuri pamoja na ugali, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya ugali. Huo ndio ujibu wa swali la kwanza.

Ukila chakula kingi kuliko unachotumia, mwili hauitupi nishati iliyozidi. Huiweka akiba. Sehemu ndogo huwekwa katika ini na katika misuli. Akiba ya ini ni kama debe lililo jikoni: haifiki mbali, kwani mtu asiyekula huimaliza katika muda wa siku moja hivi. Akiba kubwa ni mafuta yaliyo chini ya ngozi na kuzunguka matumbo. Hilo ndilo ghala lenyewe. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini huweka zaidi ya kilokalori 7,000.

Mtu akila pungufu kwa siku nyingi, mwili huyatoa mafuta ghalani na kuyatumia. Tumbo hupungua na mkanda hulegea. Mafuta yakikaribia kwisha, mwili huanza kuitumia misuli yake kwa wingi, kama mtu anayevunja milango ya nyumba ili apate kuni za kupikia. Hapo ndipo nguvu hutoweka na maisha huwa hatarini. Huo ndio ujibu wa swali la pili.

Wajumbe wa mwili

Ujibu wa swali la tatu haukujulikana wakati wa Livingstone. Ulipatikana miaka mingi baada ya kufa kwake.

Katika mwili wako mna wajumbe waitwao homoni. Homoni ni kitu ambacho sehemu moja ya mwili hukitengeneza na kukitia katika damu, ili kipeleke habari kwa sehemu nyingine. Tutataja homoni tatu tu.

Ya kwanza ni insulini. Hutoka katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Ukisha kula, sukari huongezeka katika damu. Insulini huipelekea misuli, ini na mafuta habari ya kuipokea sukari hiyo, na kuiweka akiba ile inayozidi. Insulini ndiyo inayofungua mlango wa ghala wakati wa mavuno.

Ya pili ni grelini. Iligunduliwa na wataalamu wa Japani mwaka 1999. Hutoka hasa katika tumbo la chakula lililo tupu, na huuambia ubongo kwamba saa ya kula imefika. Baada ya kula hupungua.

Ya tatu ni leptini. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, huko New York, Marekani, walitangaza ugunduzi wake. Walichunguza panya wa aina fulani ambao hawakuacha kula, wakanenepa kupita kiasi. Waligundua kwamba panya hao walikosa homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mafuta yakiwa mengi, leptini nayo huwa nyingi katika damu. Mafuta yakipungua, leptini hupungua. Basi leptini ni kama yule mtoto aliyetumwa kuchungulia ghalani.

Mtunzaji anayepokea habari hizo ni sehemu ndogo ya ubongo, iliyo upande wa chini, karibu na katikati ya kichwa. Ikipata habari kwamba leptini imepungua, hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, huzidisha njaa, na fikira zote zikaelekea chakula. Pili, hupunguza matumizi: mwili hutoa joto kidogo, mtu huchoka upesi na kutaka kukaa, na mtoto huchelewa kukua. Hivyo ndivyo mwili unavyojaribu kulinganisha nishati inayoingia na nishati inayotoka.

Katika mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wa Marekani walikubali kwa hiari yao kula chakula kidogo kwa miezi kadhaa, ili wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota wajifunze jinsi ya kuwasaidia watu wenye njaa. Watu hao walihisi baridi, wakaishiwa nguvu, na mazungumzo yao yakawa juu ya chakula, tena chakula. Baadhi yao waliota ndoto za chakula. Hakuna aliyepima damu ya Livingstone, lakini dalili alizoziandika katika daftari lake zinafanana na hizo. Hakuwa mlafi wala mvivu. Ubongo wake ulikuwa umepata habari kwamba ghala linakwisha.

Mifupa na ngozi huko Ujiji

Livingstone aliendelea na safari. Mwezi wa Machi 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa sana wa mapafu. Baadaye alivuka Ziwa Tanganyika kwenda Manyema, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko vidonda vya miguu vilimzuia kwa miezi mingi. Mwezi wa Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliwaona wafanyabiashara ya watumwa wakiwaua watu wengi kwa bunduki, wengi wao wakiwa wanawake waliokuja sokoni kuuza chakula. Alirudi Ujiji na huzuni kubwa.

Alifika Ujiji mwezi wa Oktoba 1871. Alitumaini kukuta vitu alivyoletewa kutoka Unguja, apate kununua chakula. Lakini mtu aliyekabidhiwa vitu hivyo alikuwa ameviuza vyote. Livingstone alikuwa amekonda mno. Meno yake mengi yalikuwa yameng'oka. Alikula mara mbili kwa siku, chakula kidogo kisicho na ladha. Hata hamu ya kula ilikuwa imempotea. Jambo hilo lisikushangaze. Homa na huzuni huweza kuifunika sauti ya njaa, ingawa ghala ni tupu. Kwa sababu hiyo mgonjwa hubembelezwa ale.

Haukupita muda mrefu, msaada ukafika. Mwandishi wa magazeti, Henry Stanley, alikuwa ametumwa kumtafuta. Msafara wake ulitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, ukapita Tabora, ukavuka Mto Malagarasi, ukaingia kusini mwa nchi ya Waha. Huko ulitozwa hongo, yaani ushuru wa njia, mara kadhaa. Mwishowe Stanley aliwaondoa watu wake usiku kimyakimya ili asitozwe tena. Mwezi wa Novemba 1871 msafara ulishuka Ujiji.

Siku hiyo majirani wa Livingstone walileta vyakula: kuku, nyama ya mbuzi, na wali. Yeye na mgeni wake walikula pamoja na kuzungumza. Tangu siku hiyo hamu ya kula ilimrudia. Badala ya kula mara mbili, alikula mara nne kwa siku. Baada ya wiki moja alianza kujisikia kuwa na nguvu. Kabla ya mwaka kwisha aliweza kusafiri na Stanley kwa mtumbwi hadi kaskazini ya ziwa. Huko walithibitisha kwamba Mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki.

Angalia jambo hili vizuri. Ghala halikujaa kwa wiki moja. Mafuta na misuli hurudi polepole. Lakini chakula cha kila siku kilianza tena kuingia, sukari ikapatikana katika damu, na mwili ukapata nishati ya kazi bila kuumaliza uhai wake. Angalia pia kwamba alikula mara nyingi, wala hakushindilia tumbo mara moja. Mtu aliyekonda sana kwa njaa hudhurika akilishwa chakula kingi ghafla. Hupaswa kupelekwa kwenye kituo cha afya, apewe chakula kidogo kidogo kwa kipimo.

Ghala lisilojazika

Stanley alimsihi Livingstone arudi kwao. Alikataa, kwa kuwa hakuwa amemaliza kazi aliyoikusudia. Waliagana karibu na Tabora mwezi wa Machi 1872. Mwezi wa Agosti, Livingstone alipokwisha kupata wapagazi wapya, alielekea tena kusini.

Safari hii ugonjwa ulikuwa ndani ya matumbo yake. Alihara na kuvuja damu, na homa haikumwacha. Katika vinamasi vya Ziwa Bangweulu, mwanzoni mwa mwaka 1873, mvua ilinyesha siku nyingi na chakula kilikuwa haba. Mtu anayeharisha hupoteza sehemu ya chakula kabla mwili haujakitumia, na homa huongeza matumizi ya nishati. Ghala lilipungua kwa njia zote mbili. Mwishowe hakuweza kutembea, na wenzake walimbeba. Alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1873.

Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti. Kisha waliukausha mwili, wakaubeba kwa miguu, zaidi ya kilometa 1,500, mpaka Bagamoyo. Walifika mwezi wa Februari 1874. Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Mafunzo kwako

Njaa ni habari inayotumwa na mwili. Usione haya kuisema nyumbani au kwa mwalimu. Mwenzako anayesinzia darasani, asiyetaka kucheza, au anayesikia baridi wakati wengine hawasikii, usimcheke wala usimwite mvivu. Huenda mwili wake unapunguza matumizi kwa sababu ghala limepungua. Mwambie mwalimu.

Mtoto mdogo nyumbani anahitaji uangalifu zaidi, kwa maana tumbo lake ni dogo na ghala lake ni dogo. Hawezi kula kingi mara moja, hivyo alishwe mara nyingi. Uji wake ukitiwa mafuta kidogo huwa na nishati zaidi. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese hutoa kilokalori zipatazo 120. Lakini ale pia maharage au dagaa kwa kujenga mwili, na mboga na matunda kwa kuulinda. Akiharisha au akikonda, apelekwe kituo cha afya mapema.

Lakini pia kujaza ghala kupita kiasi si afya. Kwa mtu aliyenenepa sana leptini huwa nyingi, lakini ubongo wake huacha kuisikiliza sawasawa. Naye hupatwa kwa urahisi zaidi na ugonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu. Mwili ni mwepesi wa kutambua upungufu na mzito wa kutambua ziada. Kwa hiyo kula kwa kiasi, na uitumie nishati yako kwa kazi na michezo.

Maswali

1. Ghala kubwa la nishati katika mwili ni nini, na liko wapi?
2. Taja homoni tatu ulizojifunza. Eleza kazi ya kila moja.
3. Kwa nini uyoga peke yake haukuweza kumtia Livingstone nguvu?
4. Mafuta ya mwili yakipungua, leptini huwaje? Ubongo hufanya mambo gani mawili?
5. Livingstone alipata nafuu Ujiji, lakini hakupona huko Bangweulu. Eleza tofauti ya hali hizo mbili.

Jambo la kufanya

Andika vyakula vyote ulivyokula jana na kazi zote ulizozifanya. Gawa vyakula hivyo katika mafungu matatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili. Ni fungu gani lililopungua? Waulize wazazi wako ni miezi gani chakula hupungua katika kijiji chenu, na familia hufanya nini ili akiba ifike mpaka mavuno. Leta majibu yako darasani.